Kilo za Methodi

Mchoraji alikuwa ameshamaliza mwili. Ulikuwa mwili wa kupendeza, kifua kipana, mikono imevaa glavu nyekundu, kaptula nyeupe yenye mstari wa bluu, na ulichorwa juu ya mlango wa ghala la zamani la chama cha ushirika pale Mbinga mjini, mahali ambapo kila anayetoka stendi lazima auone. Kilichokosekana ni kichwa. Shingo ilipanda vizuri, ikakatika, na baada ya hapo ni ukuta mtupu. Mchoraji alikaa juu ya ngazi, kopo la rangi mkononi, akisubiri aambiwe achore kichwa cha nani.

Kichwa hicho ndicho kilichomtoa Mzee Othmar kijijini Mkumbi, mlimani, asubuhi ile ya baridi, amevaa koti lake la Jumapili, ameketi nyuma ya pikapu kando ya Mama Kunigunda, mjane wa Methodi. Mama Kunigunda alikuwa na picha ndogo ya kitambulisho ndani ya mkoba, ameifunga kwenye leso. Hakukuwa na picha nyingine ya Methodi duniani. Othmar alikuwa amemwahidi kwamba kabla jua halijazama sura ile itakuwa juu ya mlango, kubwa, na wajukuu wake wakishuka kwenye basi watamwona babu yao.

Habari yenyewe ilianzia kwa Pankras, mwenye mashine za kukoboa kahawa na njaa kubwa ya ubunge. Pankras alilichukua ghala lile, akafukuza popo, akapaka chokaa, akatangaza kuwa amewapa vijana ukumbi wa mazoezi ya ngumi. Vijana hawakuwa wameomba ukumbi. Waliomba daraja, wakaahidiwa daraja, wakapewa ngumi. Basi wakapiga makofi, kwa sababu tumezoea hivyo: tukiomba kisu tukapewa kijiko, tunashukuru kwanza, tunauliza baadaye, na baadaye yenyewe haifiki.

Ukumbi ungepewa jina la bondia mkubwa kuliko wote wa uzito wa kati aliyewahi kutoka pande hizi. Hapo ndipo moto ulipowaka, maana pande hizi zimetoa wawili, na hawakuishi enzi moja. Wa kwanza ni Methodi wa Mkumbi, mtu wa mlimani, aliyepigana zamani za raundi kumi na tano, akafa kabla simu hazijafika. Wa pili ni Aidan wa Lituhi, mtu wa ziwani, kijana wa leo anayeishi Dar es Salaam, mwenye mkanda kiunoni na video kwenye simu ya kila mtoto. Zamani watu wa juu na watu wa chini walikuwa wilaya moja, wakioana na kuzikana. Siku serikali ilipoigawa, Mbinga huku, Nyasa kule, kila upande uligundua ghafla kwamba mwenzake alikuwa mjinga tangu zamani.

Pankras hakutaka kupoteza kura za mlimani, wala ndugu zao wa ziwani wenye maduka mjini. Kwa hiyo akaja na dawa: mdahalo. Kila upande ulete msemaji mmoja, wawapiganishe mabondia hao kwa mdomo, raundi kwa raundi, na jaji atoe hukumu. Praygod, kijana wa redio ya mjini, angeshika kipaza sauti na kugonga kengele.

Msemaji wa mlimani hakuhitaji kutafutwa. Othmar ndiye mtu pekee aliye hai aliyesimama kwenye kona ya Methodi, akishika ndoo na taulo. Kwa miaka yote hiyo, kwenye sala za jumuiya, kwenye misiba, kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku, alikuwa na msemo wake mmoja kuhusu rafiki yake, na watoto wa Mkumbi waliujua kabla ya kujua kusoma: kilo sabini na mbili, ngumi ya kilo themanini.

Lakini Othmar alikuwa na wimbo mwingine pia, na huo ndio uliompa jina la Othmar Mizani.

Enzi hizo kahawa yote ilipelekwa ghala hili hili. Kuipeleka kwingine ilikuwa magendo. Watu walilima ngoro zao, mashimo yale ya mlimani yanayozuia udongo usishuke na mvua, wakachuma, wakamenya, wakaosha, wakaanika, wakabeba mgongoni. Wakifika hapa gunia linapungua. Limetoka nyumbani zito, likikaa juu ya mizani linakuwa jepesi kama lenye manyoya. Othmar, kijana wakati huo, mwenye elimu ya darasa la nne na gazeti lililofungia sukari, alisimama kwenye mkutano akasema mizani inaiba. Karani wa mizani, Bernadi, alimwuliza anajuaje. Othmar akajibu kwamba mgongo wake unajua. Bernadi akawageukia wajumbe, akasema taratibu kwamba mgongo si mizani. Ukumbi ukacheka. Wakulima wenyewe walicheka, wale wale walioibiwa, tena kwa sauti kuliko wajumbe. Othmar akafutwa uanachama, akalala mahabusu kwa uchochezi, akarudi na jina la utani. Bernadi akapanda, akawa katibu, akawa mwenyekiti, akastaafu kwa heshima na redio mpya.

Na sasa Othmar alipoingia ghalani na kuinua macho, aliyeketi kwenye kiti cha sofa katikati ya jukwaa, na utepe wa JAJI MKUU kifuani, alikuwa Bernadi.

Othmar alisimama mlangoni akitafuta namna ya kugeuka. Mama Kunigunda alimsukuma kidogo mgongoni kwa mkoba wenye picha. Akaingia.

Kwenye kona, nyuma ya jukwaa, palikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cha altare ya kanisani, au kinachofanana nacho. Bernadi alikifunua mwenyewe wakati wa hotuba ya ufunguzi. Ilikuwa mizani ile. Ile ile, ya chuma, yenye jukwaa la kuwekea gunia na mkono mrefu wa kusogezea uzito. Alisema ameitunza nyumbani kwake miaka yote, anaipaka mafuta ya cherehani kila mwezi, hajamruhusu fundi kuigusa, ipo kama alivyoipokea. Akasema ameitoa zawadi kwa ukumbi, ili mabondia wapimwe kwa chombo ambacho hakijawahi kumkosea mtu hata gramu. Aliposema hivyo alimtazama Othmar, akatabasamu kwa upole wa mtu aliyeshinda kesi zamani.

Pankras naye hakukubali kuachwa nyuma kwa zawadi. Alikuwa ameweka hema la afya pale nje, kupima presha na uzito bure, na akamwomba jaji mkuu awe mfano kwa wananchi. Bernadi alivua koti, akavua viatu, akapanda mzani mdogo wa kioo wa muuguzi, na Praygod akaitangazia dunia nzima kwa kipaza sauti kwamba mzee wetu, licha ya umri, ana kilo themanini na nne. Watu walipiga makofi. Hawakupigia kitu chochote hasa, bali zile kilo.

Kisha kengele ikagongwa.

Msemaji wa ziwani alikuwa Siwema, mwanamke wa Mbamba Bay anayepeleka samaki hadi Songea, shangazi yake Aidan kwa upande wa baba. Alipanda jukwaani na kanga mbili na ulimi mmoja uliotosha watu watatu. Alimsalimu Othmar kwa adabu, shikamoo baba, akangoja marahaba yake, halafu akaanza kumchinja.

Alisema Methodi angeshindwa kabla ya kupigwa. Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Mkumbi, alisema, mguu wake mmoja umezoea kuwa juu na mwingine chini, ukimweka kwenye ulingo ulionyooka ataanguka mwenyewe, Aidan angesogea tu pembeni kumpisha. Watu wa ziwani walijipiga mapaja kwa kicheko. Othmar akajibu kwamba mtu aliyelelewa kwa samaki wenye miiba hutafuna kwa woga maisha yake yote, na anapigana vivyo hivyo, kwa kuchokonoa. Methodi alikula ugali na maharage, akameza. Wa mlimani nao wakapata cha kuchekea.

Raundi zikaendelea hivyo. Siwema aliwataja makocha wa Aidan, mashine inayohesabu mapigo ya moyo wake, mtu wa kumpikia, mtu wa kumkanda. Othmar akasema Methodi alikuwa na mtu mmoja tu, huyu hapa, na ndoo moja, na ndoo yenyewe ilikuwa ya kunyweshea mbuzi. Siwema akasema ndiyo maana hatukumbuki lolote alilofanya nje ya mkoa. Othmar akasema mkoa wote ulikuja kwake: walikuja wa Songea, walikuja wa Njombe, alikuja hata mmoja kutoka Masasi mwenye shingo ya ng'ombe, na hakuna mgeni aliyeiona raundi ya saba akiwa amesimama. Alieleza ile ngumi ya kulia ya Methodi inayotokea chini kama mtu anayeinua jembe kutoka kwenye shimo la ngoro. Alieleza hadi mikono yake ikaanza kupigana yenyewe, na Mama Kunigunda, kwenye benchi la mbele, akaufungua mkoba.

Ukweli ni kwamba alikuwa anashinda. Hata baadhi ya watu wa ziwani walikuwa wamenyamaza wanasikiliza. Pankras alikwishamwambia mchoraji kwa ishara achanganye rangi ya uso. Ndipo Othmar, kwa raha, akautoa msemo wake, ule wa siku zote, akautoa polepole kama padri anayeinua kikombe: kilo sabini na mbili, ngumi ya kilo themanini.

Siwema aliinua kidole.

"Baba, hapo kwenye kilo. Methodi alipimiwa wapi?"

"Hapa hapa," akasema Othmar.

"Na hao wa Masasi na wa Songea?"

"Wageni walilala misheni. Walipimwa hospitali ya misheni."

"Kwa hiyo Methodi peke yake ndiye aliyepimwa kwa mizani ile pale. Ile ambayo wewe, tangu mimi sijazaliwa, unasema inaiba."

Alikwenda akakaa, akapanga kanga yake magotini.

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wawili, halafu ghala zima. Walicheka kama walivyocheka kwenye mkutano ule wa zamani, na wengine walikuwa watoto wa waliocheka wakati ule, kicheko kimerithiwa bila kupungua kilo. Othmar alisimama na mikono ikiwa bado hewani.

Akaiona ile siku, au zile siku zote zilizofanana. Methodi alikuwa hana nauli ya kuja mara mbili, kwa hiyo siku ya pambano alishuka kutoka Mkumbi na kahawa yake mgongoni. Anaweka gunia kwenye mizani, Bernadi anasogeza uzito, gunia limepungua, na Othmar anatukana chinichini hadi machozi yanamtoka. Kisha gunia linashushwa, Methodi anapanda yeye mwenyewe, Bernadi anasogeza uzito ule ule kwenye chuma kile kile, Methodi amepungua pia, amefika uzito wa kati, usiovuka kilo sabini na mbili na nusu, na Othmar anaruka kwa furaha, anarusha taulo juu. Jukwaa moja, karani mmoja, dakika hazijapita. Kwenye gunia aliiita mwizi. Kwenye rafiki yake aliiamini kama Injili. Na hakuwahi, hata siku moja, hata mahabusu alipokuwa na muda wote wa kuwaza, kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Bernadi aliinama kutoka kwenye sofa lake. Alizungumza bila kipaza sauti, lakini ghala lilikuwa limetulia na kila mtu alisikia.

"Othmar, ndugu yangu, sema tu kwamba mizani ilikuwa ya haki. Sema, na mimi nampa Methodi ushindi sasa hivi."

Alisema kwa huruma. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Aliweka mezani kichwa cha Methodi, jina juu ya mlango, wajukuu wanaoshuka kwenye basi, na alichotaka ni sentensi moja ndogo kutoka kwa mtu ambaye hata hivyo kila mtu alimwona kichaa. Wazee wa mlimani walianza kumhimiza Othmar aseme. Walimwambia ni maneno tu. Mmoja alimkumbusha kwamba kahawa ile ilishanywewa Ulaya zamani, wanywaji wenyewe wamekufa. Pankras aliangalia saa. Mama Kunigunda alikuwa ameitoa picha kwenye leso, ameishika kwa vidole viwili.

Othmar alimtazama Methodi kwenye ile picha, ndogo kama stempu. Alishusha mikono.

Alisema Methodi hakuwa wa uzito wa kati. Alisema mtu yule alikuwa na kilo karibu themanini, na ngumi yake ilikuwa ya kilo themanini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa wa kilo themanini, hakukuwa na muujiza hapo, na wale waungwana wa Masasi na Njombe walipigwa na mtu mzito kuliko wao na wanastahili kuombwa radhi. Alisema kilo za Methodi ziliibwa kwenye chuma kile, zikaenda zilikokwenda kilo za kahawa.

Ghala lilimzomea. Hawakuwa watu wa ziwani. Ziwa lilikuwa limeduwaa. Waliozomea ni mlima wake. Wezi wa kahawa walikuwa wamesamehewa zamani, hakuna aliyekuwa na kinyongo nao, lakini mtu wa kwao kumvua bingwa wa kwao ushindi uliokuwa umeshaiva, hilo hawakuweza. Mzee mmoja alimwambia amewauza. Hakusema kwa nani.

Bernadi alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema ni yale yale ya zamani, mgongo wa Othmar bado unapima.

"Si mgongo," akasema Othmar. "Panda wewe."

Bernadi alicheka. Alisema yeye ni jaji, jaji hapimwi. Alisema chombo ni cha makumbusho. Alisema magoti yanamuuma. Labda ingeishia hapo, maana watu walikuwa wameanza kutafuta kofia zao. Aliyemharibia ni Pankras. Pankras hakuwa ameelewa lolote katika mabishano yale, kwa sababu alikuwa anahesabu vichwa vya wapiga kura, lakini alisikia neno panda, akaona ni burudani, na burudani ndiyo aliyoilipia. Alimshika Bernadi mkono kwa heshima zote, akamwinua, panda baba, umma uone chombo chetu, akampandisha kwenye jukwaa la mizani akiwa na koti lake zito na viatu vyake miguuni. Praygod akaja na kipaza sauti. Praygod ni kijana anayesoma kwa sauti kitu chochote kilicho mbele yake, tangazo la msiba, la sabuni, la uchaguzi, bila kuchelewa kufikiri. Alisogeza ule uzito kwenye mkono wa chuma hadi ukatulia sawa, akasoma.

Kilo sabini na saba.

Alikwishasema ndipo akafikiri. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kikatoa mlio mwembamba kama mbu.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mtu yule yule, asubuhi ile ile, bila koti na bila viatu, alikuwa themanini na nne, na walimpigia makofi. Bernadi alitazama chini kwenye viatu vyake. Alisema mzani wa muuguzi ni wa Kichina. Alisema asubuhi alikuwa amekunywa chai nyingi. Kisha alifanya jambo ambalo Othmar alilikumbuka kwa muda mrefu: alisogeza mguu mmoja akaushusha sakafuni, taratibu, kama mtu anayetoka kitandani hataki kumwamsha mke wake.

Siwema alikuwa wa kwanza kucheka, na safari hii aliyechekwa hakuwa Othmar. Ziwa likafuata. Mlimani walichelewa. Wazee wa mlimani walikaa wanatazama ile mizani, na mmoja mmoja mkono wake ulipanda begani, ukashika mahali pale ambapo kamba ya gunia hukaa.

Ungedhani sasa mtu angesimama aseme jambo. Nchi hii imejaa watu wanaosimama kusema jambo. Lakini pale palikuwa na soda na pilau nje, na Pankras alikuwa ameshaanza kutazama upande wa pilau.

Bernadi alirudi kwenye sofa, akajifuta uso, na kwa kuwa alikuwa bado na utepe, akatoa hukumu. Alisema Methodi, kwa ushahidi wa msemaji wake mwenyewe, hakuwa wa uzito wa kati, hivyo ameondolewa. Alisema Aidan ameshinda kwa mpinzani kuondolewa, na ushindi wa namna hiyo hauwezi kumfanya mtu mkubwa kuliko wote, hivyo naye hastahili mlango. Alisema ukumbi usikose jina, apewe yule aliyewapa vijana ukumbi. Pankras alikataa kwa unyenyekevu. Alikataa akiwa ameshageuza uso upande wa mchoraji, ili mchoraji auone vizuri.

Ukipita Mbinga leo utaona. Kifua cha bondia, glavu nyekundu, kaptula nyeupe yenye mstari wa bluu, na juu yake kichwa cha Pankras, na miwani.

Kwenye pikapu ya kurudi Mkumbi hakuna aliyemsemesha Othmar. Walimwachia nafasi pana kuliko aliyohitaji. Aliketi akiwa ameshika ubao wa pembeni, akijipanga namna ya kumwomba radhi Mama Kunigunda, na kila sentensi aliyoitunga ilikuwa mbovu kuliko iliyotangulia. Walipofika kwenye kona za mikaratusi mama yule ndiye aliyeanza.

"Shemeji, kaptula zake nilizishona mimi."

Othmar akamgeukia.

"Kila mwaka nilipanua kiuno. Yeye ananiambia mizani imesema ni yule yule. Nikadhani kitambaa kinasinyaa nikikifua. Nimegombana na muuza vitambaa miaka yote ile, marehemu yule, na alikuwa hana kosa."

Akaifunga picha kwenye leso, akairudisha mkobani. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, kama mizani ya siku hizi, hii ya pale Mkumbi, Othmar aliwahi kuipanda. Othmar akasema hapana. Akasema, kwa aibu, kwamba tangu wamfute hajawahi kuikaribia, gunia lake hupelekwa na wanawe.

Msimu ulipofunguliwa, Mama Kunigunda alitangulia zahanati akapimwa, kisha akaja kwenye foleni ya kahawa na gunia lake juu ya toroli. Zamu yake ilipofika hakuliweka gunia. Alivua kandambili akapanda yeye. Karani, kijana mpole, akamwambia bibi shuka, hapa tunapima kahawa. Mama Kunigunda akamwambia apime tu, yeye ana haraka. Karani akapima. Zilikuwa sawasawa na za zahanati. Akashuka, akamshukuru, akaweka gunia.

Aliyefuata nyuma yake akavua viatu. Aliyefuata naye. Hawakuwa na hasira, na hakuna aliyetoa hotuba. Wazee wale wale waliomzomea Othmar walisimama pale na soksi zao zilizotoboka, kila mmoja akingoja kupanda. Siku hizi ndiyo desturi Mkumbi: kabla ya gunia lako unapanda mwenyewe, na wanaita kumpandisha Methodi. Karani analalamika foleni haiendi. Amelalamika hadi wilayani. Wilayani wameahidi kuunda kamati.

Kuhusu nani angeshinda, usidhani yaliisha. Mlimani sasa wanasema kwamba kama Methodi alikuwa na kilo themanini kweli, basi Aidan asingemaliza hata raundi ya kwanza, na wanalisema hilo kama ushahidi mpya waliougundua wao.

Wiki iliyopita Siwema alimpigia Othmar simu kutoka Mbamba Bay. Wamekuwa wakipigiana tangu siku ile, shikamoo baba, marahaba mwanangu, na baada ya hapo ni matusi. Alimwambia kwamba wanawake wa pale ufukweni nao wameanza. Mnunuzi wa samaki akifika na mzani wake wa kupandia, kabla ya kuweka kreti moja, mwanamke mmoja anapanda kwanza. Na wao wanaita kumpandisha Aidan.

Othmar alikuwa shambani, amesimama kwenye ukingo wa ngoro, mguu mmoja juu na mmoja chini. Alisema Aidan haingii hapo kwa vyovyote. Alisema Aidan alipimwa kwa mizani za kompyuta maisha yake yote, hajaibiwa hata kilo moja, hana haki na jina hilo. Siwema akamjibu kwamba hiyo ndiyo maana ni bingwa. Othmar akaweka jembe chini ili mkono wa kulia uwe huru, akamwambia asikate simu, asikilize vizuri, wanaanza raundi ya kwanza.